Madumu kwanza, tanki baadaye: tathmini ya akiba yetu ya maji ya dharura, Tabata Kisiwani

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: kama kikundi chenu kina milioni moja na mnataka maji ya kunywa ya akiba kabla mvua hazijachanganya, nunueni madumu kwanza. Tanki lije baadaye. Boza, yaani gari la kuuza maji, liwe la mwisho, na muandikishane. Vidonge vya kutibu maji msikose, ila angalieni tarehe. Maji ya katoni waachieni wenye harusi.

Sasa kwa mwenye muda. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Tabata Kisiwani, Dar es Salaam. Tuko kaya 26, watu kama 130 ukihesabu na wajukuu walioletwa mjini kusoma. Miaka yote mfuko wetu umekuwa wa sanda, turubai, viti na masufuria. Kwenye kikao kimoja bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akasimama akasema, "Kuzikana tumejiandaa. Kunywa je?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha wakapiga kura. Ndiyo nikakabidhiwa fedha za kununua maji ambayo hatuyahitaji leo.

Risiti zote ninazo. Bei ninazotaja ni za siku tuliyonunua, msije mkanigombeza Buguruni zikiwa zimepanda.

Kabla ya vyombo, tuelewane kuhusu balaa lenyewe, kwa sababu wauzaji hawakuulizi. Dar ina balaa mbili za maji na kila moja inataka chombo chake.

Ya kwanza ni ya ukame. Oktoba 2022 vuli iliposuasua, Mto Ruvu ulipungua mpaka uzalishaji wa maji ya jiji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, na mgao ukatangazwa. Mitambo yetu miwili mikubwa, Ruvu Juu na Ruvu Chini, inakunywa mto huo huo mmoja. Mto ukipungua hakuna mtambo wa kumwazima mwenzake. Tangu hapo visima virefu vya Kigamboni vimeongeza maji, na bwawa la Kidunda kule Morogoro, la lita bilioni 190, ni kwa ajili ya miezi ya namna ile. Hayo ni mambo ya serikali na ni mazuri. Ila nakumbuka hapa mtaani katika mgao ule maji yalikuwepo, ila foleni na bei ndivyo vilivyotutoa jasho. Dumu la shilingi 200 likawa 500, na ukichelewa unaambiwa 1,000 na unashukuru.

Ya pili ni ya mafuriko, na hii sisi wa bonde la Mto Msimbazi tunaijua kwa majina ya waliokufa. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo watu wa hali ya hewa walisema haijaonekana Dar tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki jijini, na wenzetu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kwenye balaa hii maji yamejaa hadi dirishani lakini ya kunywa hakuna. Umeme ukikatika pampu zinasimama. Bomba likikosa presha, ule mpasuko uliokuwa unavujisha maji nje unageuka kuvuta maji ya nje kuingia ndani. Na nje wakati huo kuna nini? Kuna majirani zetu wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo. Tusemane ukweli. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi, na kila mtu hapa anajua kinapita njia gani.

Katika mgao unahitaji maji mengi yaliyokaa mahali pamoja. Katika mafuriko unahitaji machache unayoweza kuyabeba, kuyapandisha juu ya kabati au kukimbia nayo kwa ndugu Segerea. Muuza matanki hakwambii hivyo, yeye anauza matanki.

Nianze na madumu, maana ndiyo yaliyonifurahisha.

Tulinunua 78 ya lita 20, matatu kwa kila kaya, kwa shilingi 8,000 moja kwa bei ya jumla. Jumla 624,000. Duka ni la vyombo vya plastiki Buguruni, upande wa sokoni, mlango mwembamba lakini ndani ni refu kama behewa. Kijana wa dukani alikuwa na aina mbili: mapya meupe ya maji, na yaliyotumika, ya mafuta ya kula, kwa 4,000. Mnajua vikao vyetu. Nusu ya wanachama walishaniagiza ya 4,000 kabla sijapanda daladala.

Nikayafungua mifuniko nikaingiza pua. Yale ya mafuta ya kula yananuka karanga zilizochacha. Hayo yanaosheka kwa maji ya moto na sabuni, ingawa mkono utakuuma na utelezi hauishi upesi. Moja likanipiga na harufu kali, kama rangi ya ukuta.

"Hili lilikuwa na nini?"

"Mafuta tu, mama."

"Mafuta ya nini?"

"Mama, ya kula. Walahi."

Nikamwambia basi alijaze maji anywe yeye kwanza kikombe kimoja, nami nitanunua yote yaliyobaki. Akacheka, akalisukuma kwa mguu nyuma ya meza. Mwenye duka, mzee wa kofia, akamkemea na kusema wazi kwamba yaliyotumika hawezi kuyaapia yote. Hapo nikamheshimu. Plastiki ikishanyonya dawa ya shamba au petroli haitemi, uoshe mpaka kesho. Kwa maji ya kufua na ya chooni chukueni ya 4,000 na Mungu awabariki. Kwa maji atakayokunywa mtoto, ongezeni hiyo 4,000.

Jaribio la pili ni la mfuniko. Jaza dumu, funga kwa nguvu ya kawaida, lilaze kwenye sakafu kavu halafu ulikalie. Ndiyo, ulikalie. Mama wa miaka hamsini na ushee amekaa juu ya dumu katikati ya duka Buguruni, watu wanapita wanaangalia, lakini ndiyo kipimo. Yenye mshono mbovu au mpira wa mfuniko uliopinda yanaanza kulia pembeni hapo hapo. Machache yalilia. Mzee akayabadilisha bila maneno mengi na akatuongezea mifuniko ya akiba mfuko mzima. Duka hilo nalipa alama kamili, na ningelitaja jina kama lingekuwa na bango.

Hesabu yake ni hii. Mtu anahitaji kama lita tatu kwa siku za kunywa. Familia ya watu watano ni lita 15. Madumu matatu ni lita 60, siku nne za kunywa bila kumuomba mtu na bila kusubiri boti ya uokoaji. Si haba. Na kwa kuwa kila kaya ina ya kwake, kosa la nyumba moja haliharibu maji ya mtaa mzima. Hakuna ufunguo, hakuna kamati.

Kasoro ni uzito. Dumu lililojaa ni kilo 20, na bibi wa miaka sabini halinyanyui kuliweka juu ya meza wakati maji yanaingia mlangoni. Kaya za wazee tukawabadilishia dumu moja kwa mawili ya lita 10. Ukinunua kwa ajili ya mama yako, anza na hayo ya 10.

Kasoro nyingine si ya dumu, ni ya sisi wenyewe: watu wanachota kwa kikombe. Mkono unaingia, maji yameisha usafi. Kwa dumu la kunywa fundi akatutobolea sehemu ya kufunga koki ndogo ya plastiki, shilingi 2,500 pamoja na washa mbili. Si kila dumu linafaa, ukuta ukiwa mwepesi koki inacheza na kuvuja. Asiyetaka koki amimine, asichote.

Tanki sasa. Lita 5,000, jeusi, lenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango), 1,080,000 pamoja na kuletwa na kenta. Tanki lenyewe sina neno nalo. Ukuta mnene, ndani jeupe, mfuniko unajifunga kwa kuzungushwa. Weusi wa nje si urembo. Mwanga ukipenya, mwani unaota ndani na maji yanageuka kijani. Nimeona tanki la bluu la bei chee kwa jirani, ukilitazama saa sita mchana unaona kivuli cha maji kwa nje. Mkiona hivyo acheni.

Shida yetu ilikuwa mwashi.

Lita 5,000 ni tani tano. Ukiliweka juu ya mchanga linalala upande mmoja, na bomba la kutolea linakatika shingoni. Hivyo lazima kitako cha zege. Huyu bwana, ambaye simtaji kwa sababu bado tunasali safu moja, alijenga kitako kizuri, imara, kimesawazishwa kwa pima maji, ila kifupi. Koki ikakaa shubiri moja kutoka ardhini. Dumu lililosimama linanifika karibu na goti. Sasa dumu litaingiaje chini ya koki ya shubiri moja?

"Mama, mtavuta na mpira," akasema.

Mpira huo utalala wapi? Chini. Kuku watapita wapi? Juu yake. Watoto watanyonya ncha ipi? Akapendekeza basi tuchimbe shimo mbele ya koki ili dumu liingie. Shimo. Tabata Kisiwani. Masika. Nikamwangalia tu. Hilo shimo siku ya mvua lingekuwa la kwanza kujaa, na koki ingekuwa inaogelea kwenye maji ya vyoo.

Tukamwaga maji, tanki likashushwa, akaongeza kozi tatu za tofali na zege juu. Gharama ya ziada 180,000, nusu yake akaibeba yeye baada ya mwenyekiti kuingilia. Kwa hiyo kabla fundi hajachanganya hata ndoo moja ya zege, msimamisheni dumu tupu pale koki itakapokuwa. Kimo cha kitako kinaanzia hapo. Halafu ulizeni wazee maji ya 2011 yalifika wapi. Kwetu alama ya tope bado inaonekana chini ya rangi kwenye ukuta wa nyumba moja iliyo karibu na mto, na ndiyo maana tanki hatukuliweka huko ingawa kulikuwa na nafasi na kivuli. Liko upande wa juu, uani kwa mjane mmoja ambaye hatoki sana.

Tundu la kumwagia maji yakizidi lifungeni wavu wa mbu. Dengi ya 2014 na ya 2019 hapa jijini ilitufundisha kwamba mbu wake anapenda maji masafi yaliyotulia, na tanki la dharura ndilo hilo hasa.

Halafu ikaja hoja ya kofuli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vikundi vingi vinapoharibu.

Mwenyekiti wetu ni mtu mzima, namheshimu, alikuwa askari. Yeye alitaka tanki lijazwe, lifungwe, ufunguo ukae kwake mpaka siku ya maafa. "Maji ya dharura hayaguswi," akasema. Kwenye kikao nikamwambia, "Mwenyekiti, kwa heshima yako, unga wa dharura usioguswa unaitwa kiota cha fukusi." Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye maji, inapungua siku hadi siku, na kwenye tanki jeusi linalopigwa na jua la Dar inapungua haraka zaidi. Tope dogo linatua chini. Koki isiyofunguliwa miezi mitatu inaganda, na siku unayoihitaji inakatikia mkononi. Na hakuna atakayejua kwamba tanki linavuja mpaka siku hiyo.

Tukafikia hivi: kila Jumamosi asubuhi wanachama wanachota kwa mchango wa shilingi 150 kwa dumu, ila maji hayashuki chini ya nusu. Bomba likitoka tunajaza. Fedha hiyo ndiyo inayonunua klorini, koki na wavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, au mgao ukinukia, uchotaji unasimama na tanki linajazwa juu kabisa. Funguo ni mbili, mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa huyo mjane, kwa sababu mwenyekiti husafiri Songea na mafuriko hayamsubiri arudi.

Mwenyekiti sasa ndiye anayefika wa kwanza Jumamosi na daftari. Simsemi.

Tanki lenyewe linatosha nini? Watu 130 wakinywa lita tatu kila mmoja ni lita 390 kwa siku; lita 5,000 zinatupeleka siku 12 na ushee. Lakini mwongozo wa Sphere ambao mashirika ya misaada hutumia unasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, ukijumlisha kupika na kujisafisha. Kwa lita 15 tanki letu linaisha siku ya tatu. Ndiyo maana kanuni imebandikwa ukutani pale kwenye koki: siku ya dharura tanki ni la kunywa na kupikia tu, dumu moja kwa kaya kwa siku. Ya kuoga na kufua ni ya kisima cha msikitini, ambacho kina chumvi na hakuna mtu atakayekinywa kwa hiari yake.

Klorini ya unga tuliipata kwa wauzaji wa dawa za mabwawa ya kuogelea, ile ya asilimia 65 hadi 70. Kwa tanki la lita 5,000 lililojaa maji maangavu, gramu 15 zinatosha kufika miligramu mbili hivi kwa lita. Gramu 15 ni kidogo mno, watu hawaamini, wanataka kumwaga kopo. Nina mizani ndogo niliyokuwa napimia unga wa keki. Haipimi keki tena. Unakoroga kwanza kwenye ndoo ya maji nje penye hewa, pua mbali, glavu mkononi, halafu unamwaga kwenye tanki na kusubiri nusu saa. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, moshi wake unaua. Kopo linakaa juu, pakavu, mbali na mafuta ya taa na mbali na watoto.

Wale wauzaji walituuzia pia kipimo kidogo cha klorini: kijichupa, kidonge, maji yanageuka ya waridi, unalinganisha rangi na kadi. Tunatafuta iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Kikionyesha maji meupe kabisa, klorini imeisha, ongeza. Hiki ndicho kitu kidogo kuliko vyote tulivyonunua na ndicho ambacho nisingekubali kukiacha. Vijana wa mtaa wanakipenda pia, wanagombania nani ashike kadi.

Vidonge vya kutibu maji ni kwa madumu, si kwa tanki. Kile cha kawaida ni kidonge kimoja kwa lita 20, funga, subiri dakika 30. Kwa tanki la lita 5,000 ungehitaji vidonge 250, ungekesha unavikwangua kwenye karatasi zake. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, halafu soma maelezo ya pakiti kuhusu dozi ya maji machafu, kwa sababu tope linakula dawa kabla haijafika kwa mdudu. Duka la dawa la kwanza nililoingia lilinipa boksi ambalo muda wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Ningelinunua kwa haraka zangu kama si yule dada muuzaji mwenyewe kuniambia taratibu, "Mama, haya ni ya kutumia sasa, si ya kuweka." Mungu ampe mume mwema. La pili lilikuwa na ya miaka miwili mbele. Tulitoa karatasi tatu kwa kila kaya, tukawaambia wazihifadhi na vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu siku ya kukimbia ndiyo bahasha pekee ambayo kila mama anaikumbuka.

Watoto wanalalamika harufu. Mimina maji kutoka jagi hili kwenda lile mara kadhaa, au yaache wazi kidogo kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa. Kuchemsha ni sawa pia, yakitokota vizuri dakika moja inatosha, ila niambieni mkaa utakuwa mkavu siku hiyo, au gesi itakuwa imebaki.

Maji ya katoni tulijaribu kidogo, chupa 12 za lita moja na nusu, lita 18 kwa katoni. Bei ya lita moja huko ni ya kifahari. Tuliweka machache kwa nyumba zenye vichanga na mgonjwa mmoja. Basi.

Gata za paa tumeanza na paa moja tu, la madrasa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo bati la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 10 lingekupa lita 600, ukitoa zinazopotea. Maji ya kwanza yanayoosha mavi ya kunguru yamwageni. Sina mengi ya kusema bado, fundi wa gata anakuja "kesho" tangu mfungo.

Sasa boza.

Hapa ndipo fedha za kikundi zilipopata homa. Tulitafuta mwenye boza la lita 10,000 anayechukua maji upande wetu. Tukakaa naye barazani, akanywa chai, tukakubaliana: mgao ukitangazwa atatuletea safari moja kwa wiki kwa bei ile ile ya siku za kawaida, nasi kwa upande wetu siku za neema tutamuita yeye tu. Aliandika mwenyewe kwenye daftari la kikundi, akaweka sahihi na namba ya gari. Tukamtanguliza kidogo.

Haukupita muda bomba la mtaa likapasuka wakati wa matengenezo ya barabara na maji yakakatika siku kadhaa. Si maafa, lakini nikasema huu ndio mtihani wetu. Nikampigia. Mara ya kwanza, "Mama, niko Mbezi." Mara ya pili simu inaita. Mara ya tatu akapokea dereva, akasema bosi amesema bei imepanda mara mbili, "mafuta mama." Mafuta hayakuwa yamepanda, nilikuwa nimetoka kituoni. Nikamsomea kilichoandikwa kwenye daftari. Akasema hajui kusoma daftari la watu.

Mwishowe likaja, kwa bei ya katikati, na maji yalikuwa na chumvi. Si ya bomba, ni ya kisima. Nikamuuliza dereva risiti ya alikochota, hana. Tukayapeleka kwa wenye kufua na kumwagilia, hayakuingia kwenye tanki la kunywa hata tone. Alama moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu dereva alikuwa na adabu, aliniamkia.

Mengine ninayodai sasa kwa boza lolote: risiti ya kituo alichochota ya siku hiyo hiyo, mpira wake wa kutolea usafishwe mbele yetu na usiburuzwe chini, na nionje mimi kabla valvu haijafunguliwa. Kipimo cha waridi kinakuja na mimi mkononi. Wenye boza wengine wakiona kile kijichupa tu wanakumbuka wana safari nyingine Kimara.

Hatujampata wa kumwamini bado. Tanki limejaa kwa maji ya bomba, madumu yamejaa kila nyumba, wavu umefungwa, klorini imepimwa Jumamosi iliyopita. Mwenye boza anayekubali kuandikishana mbele ya mtendaji, kwa bei moja ya kiangazi na masika, aache jina ofisi ya serikali ya mtaa. Malipo ni baada ya kuonja.